Kupandikiza Nywele: Vidokezo kwa Wenye Kipilipili

Kwenye uwanja wa ndege wa Istanbul utawaona: wanaume wenye ukanda mweusi kwenye paji, vichwa vimejaa vidoti vyekundu, wanatembea taratibu wasije wakagonga kitu. Baadhi yao wanasubiri ndege ya Nairobi au Dar es Salaam. Tatizo ni kwamba mengi yanayosemwa kuhusu upasuaji huu wa kupandikiza nywele yalisemwa kwa ajili ya mtu mwenye nywele zilizonyooka. Nywele za kipilipili zina mambo yake, na anayeyajua kabla ya kulipa pesa hujiokoa na mengi. Haya hapa.

1. Jua kwanza ni nini kinachokuondolea nywele

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kunyonyoka nywele ni dalili, na dalili hiyo moja ina sababu nyingi. Kuna kipara cha kurithi, kinachoanzia pembe za paji au utosini na kuacha kisogo salama. Hicho ndicho hasa upasuaji huu unakifaa. Kuna mabaka ya duara yanayotokea ghafla kwa sababu kinga ya mwili imegeukia mashina ya nywele. Ukipandikiza hapo, kinga hiyohiyo inaweza kuzishambulia na zile mpya. Kuna mapunye, ambayo ni fangasi na hutibiwa kwa vidonge. Kuna upungufu wa madini ya chuma, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi au chini ya kiwango, na homa kali iliyopita miezi michache nyuma. Mama aliyejifungua naye huweza kuona nywele zikimtoka kwa mafungu miezi mitatu hivi baada ya kujifungua. Mara nyingi hurudi zenyewe, bila kisu wala dawa.

Kliniki ya kupandikiza inauza kupandikiza. Kwa hiyo anzia kwa daktari wa ngozi ambaye hana cha kukuuzia. Akiona shaka atakata kipande kidogo sana cha ngozi kikapimwe maabara, na kipimo hicho kimoja kinaweza kukuokolea nauli ya Uturuki. Usidhani wataalamu hao hawapo kwetu: pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na waliosomea hapo wametawanyika nchi nyingi za Afrika.

2. Dada, anza na msuko

Nywele za pembeni mwa paji zinaporudi nyuma kwa mwanamke anayesuka, kwanza shuku mvuto. Rasta nzito, msuko uliokazwa mpaka nyusi zinapanda, nywele za bandia zilizoshonwa au kugandishwa kwa gundi, kifundo cha kila siku kilichobanwa vilevile: vyote huvuta shina mahali pamoja kwa miaka. Ukisuka leo na usiku huu kichwa kinauma, au kesho unaona vipele vidogo kwenye mistari, ngozi imeshazidiwa. Fumua.

Ukiwahi, nywele hizo hurudi zenyewe. Ukichelewa, shina hufa na ngozi huwa laini na kung'aa, na hapo kupandikiza kunaweza kusaidia kwa sharti moja: msuko ule usirudi. Anayepandikiza mwezi huu na kukaza rasta mwaka ujao atazing'oa na hizo mpya.

Kuna na ugonjwa mwingine unaowapata zaidi wanawake weusi. Huanzia katikati ya utosi na kutanuka pole pole, wakati mwingine kwa muwasho au hisia ya kuungua, na huacha kovu ndani ya ngozi. Kwa miaka mingi lawama zote ziliangushiwa dawa ya kulainisha nywele na chanuo la moto. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa baadhi ya wanawake hao wana hitilafu katika jeni iitwayo PADI3, inayohusika na uundaji wa unywele wenyewe. Kwa hiyo mama wa makamo anayepoteza nywele za utosini hastahili kulaumiwa, anastahili kutibiwa. Ugonjwa huo lazima utulizwe kwanza na ukae kimya muda mrefu, madaktari wengi husema mwaka mzima au zaidi, ndipo mazungumzo ya kupandikiza yaanze. Na hata hapo nywele hazishiki kwa uhakika uleule.

3. Elewa kinachohamishwa

Hakuna unywele mpya unaotengenezwa. Mwaka 1952 daktari wa New York, Norman Orentreich, alihamisha vipande vya ngozi yenye nywele kutoka kisogoni kwenda sehemu yenye kipara, na nywele zile zikaendelea kuota. Ndipo ikaeleweka kwamba shina hubeba tabia ya lilikotoka. La kisogoni haliisikii sana homoni inayokausha nywele za mbele, na ukilihamishia mbele huendelea kutoisikia. Upasuaji wote wa leo umesimama juu ya ugunduzi huo. Kilichobadilika ni ukubwa: zamani walihamisha vipande vikubwa vilivyoota mafungu mafungu, siku hizi wanahamisha fungu moja moja la asili lenye unywele mmoja hadi minne. Kliniki huliita grafti, na ndilo wanalolihesabu kwenye bei.

4. Kisogo ni akiba, na benki haiongezi

Kila grafti iliyotolewa nyuma haioti tena pale. Ukitoa nyingi mno, kisogo kinabaki na mapengo ambayo kinyozi yeyote atayaona. Na nywele za kipilipili kwa kawaida hazijasongamana kisogoni kwa wingi wa zile za Wazungu, hivyo akiba yetu ni ndogo kuanzia mwanzo.

Sasa fikiria kijana wa miaka 23 ambaye pembe zimeanza kurudi nyuma. Akijaziwa paji lote leo, kipara chake hakijamaliza safari. Kitaendelea nyuma ya zile zilizopandikizwa, na akiwa na miaka 35 atakuwa na ukuta wa nywele mbele na uwanja mtupu nyuma yake. Itabidi atoe tena kisogoni, kama kuna kilichobaki. Wayne Rooney, ambaye mashabiki wa Manchester United hawahitaji kuelezwa ni nani, alitangaza mwenyewe Juni 2011 kwamba amepandikiza nywele London. Alikuwa na miaka 25. Mwaka 2013 alirudi tena. Yeye pesa hazikuwa tatizo. Kwako huenda zikawa, na kisogo kina mwisho hata kwa tajiri.

Daktari anayemwambia kijana asubiri anampenda. Yule anayemwahidi grafti 5,000 kwa siku moja kwa kutazama picha ya simu, mwogope.

5. Jaribu dawa kwanza

Kwa kipara cha kurithi zipo mbili zenye ushahidi wa miaka mingi. Minoksidili ya kupaka iliruhusiwa Marekani mwaka 1988, na finasteride ya kumeza, miligramu 1 kwa siku, mwaka 1997. Hazifufui shina lililokufa, ila huzuia zilizobaki zisiondoke, na wengine huona nywele nyembamba zikinenepa. Zipe miezi sita hadi mwaka. Wiki za mwanzo za minoksidili nywele zinaweza kutoka zaidi, watu wengi wakaogopa na kuacha hapohapo.

Finasteride ina mambo ya kuzungumza na daktari uso kwa uso. Kwa wanaume wachache hupunguza hamu au nguvu za tendo la ndoa. Pia hushusha kipimo cha PSA cha tezi dume kwa karibu nusu, kwa hiyo anayepimwa tezi dume lazima aseme kwamba anaimeza, la sivyo majibu yatasomwa vibaya. Mwanamke mwenye mimba au anayeweza kushika mimba asiimeze, na mwenye mimba asishike kidonge kilichovunjika, kwa sababu kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

Hata ukipandikiza, dawa hizi mara nyingi huendelea, maana upasuaji haulindi nywele zako za zamani.

6. Uliza kuhusu shina lililojipinda

Ukibaki na kidokezo kimoja tu, bakia na hiki.

Kipilipili hakianzi kujikunja kikishatoka nje. Shina lenyewe limejipinda ndani ya ngozi. Katika njia inayotumika zaidi leo, iitwayo FUE, daktari anazungushia kila fungu la nywele bomba dogo lenye kipenyo cha kama milimita moja, anakata ngozi kulizunguka, kisha analichomoa. Kwa nywele iliyonyooka, unavyoiona juu ndivyo ilivyo chini. Kwa yetu, unywele unatokeza hapa na mzizi umekaa pale. Bomba likishuka wima linakata shina katikati, na shina lililokatwa ni grafti iliyopotea: haioti mbele, na kisogoni imeshatoka.

Daktari aliyezoea nywele zetu hufuata mkunjo. Huchagua bomba lenye umbo na upana unaofaa, hashuki kina chote, na huenda polepole. Kwa hiyo maswali yako yawe haya: Umewapandikiza wangapi wenye nywele za namna yangu? Nionyeshe picha zao kabla ya upasuaji, na baada ya mwaka, mbele na kisogoni. Mashina yanayokatika kwenye kazi yako ni kiasi gani? Utatoa machache ya majaribio kwanza uone mkunjo wangu ulivyo? Daktari mzuri huyapenda maswali haya. Anayejibu kwamba nywele zote ni sawa hajawahi kuzitazama za kwako.

Halafu habari njema, kwa sababu ipo. Mkunjo huohuo unaosumbua kisu unafunika ngozi vizuri. Unywele mmoja wa kipilipili hutandika eneo kubwa kuliko uliosimama wima, na weusi wa nywele juu ya ngozi nyeusi hauachi upenyo uonekane. Grafti chache zikishika hutosha kuonekana nyingi. Usikubali kuuziwa idadi iliyopangwa kwa kichwa cha Mjerumani.

Na mstari wa paji usiige wa kwao. Kwetu mara nyingi mstari ni bapa zaidi, wenye kona pembeni. Ila usiombe ule mstari mkali ambao kinyozi huuchonga kwa wembe kijana anapokwenda harusini. Utauvaa hadi uzee, na babu wa miaka 70 mwenye paji la kijana hushangaza watu.

7. Chunguza makovu yako

Tazama mahali ulipotoboa sikio, ulipochanjwa, ulipojikata utotoni. Kama kovu liliota na kuvimba kupita kidonda chenyewe, hiyo ni keloidi, na huwapata zaidi watu weusi. Upasuaji wa kupandikiza ni vidonda vidogo kwa maelfu. Sema kabla. Ndugu wa damu wakiwa nazo, sema pia. Daktari mwangalifu atatoa grafti chache, asubiri miezi kadhaa aone ngozi inavyopona, ndipo aamue.

Wenye vipele vigumu vya kisogoni, vile vinavyowatokea wanaume wanaonyoa mashine karibu mno na ngozi, wavitibu kwanza. Hapo kisogoni ndipo penye akiba, na huwezi kuchota mahali penye uvimbe.

8. Unanyoaje?

Njia ya pili, FUT, hukata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, kisha mashina hutenganishwa chini ya hadubini. Kwa shina lililojipinda njia hii ina faida, maana anayekata anaona mkunjo wote. Lakini huacha kovu la mstari kutoka sikio hadi sikio. Anayefuga nywele hulificha. Anayenyoa kipara au kubakisha kidogo sana, na wanaume wetu wengi ni hao, hana pa kulificha. FUE nayo haiachi kichwa bila alama. Huacha vidoti, na kwenye ngozi nyeusi vinaweza kubaki vyeupe.

9. Mkono wa nani utashika kifaa?

Vifurushi vya Istanbul hutangazwa kwa dola 2,000 hadi 4,000, hoteli na gari la kukupokea ndani yake, nauli ya ndege juu yako. Zipo kliniki bora kabisa huko. Zipo pia zinazopokea wateja wengi kwa siku, daktari anapita kuchora mstari wa paji, na kazi yote iliyobaki inafanywa na mafundi. Uliza jina la atakayetoa grafti, na la atakayefungua matundu ya kuzipandia, kwa sababu pembe ya tundu ndiyo inayoamua unywele utalala upande gani. Pata majibu kwa maandishi.

Ukipandikiza nyumbani, hakikisha daktari amesajiliwa: Tanzania Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya kuna baraza lao, KMPDC, na majina huthibitishwa. Saluni yenye kiti kizuri haijawa chumba cha upasuaji.

Kisha swali ambalo wengi husahau: nikirudi nyumbani na kikatokea kitu, nani atanitazama? Mpate daktari huyo kabla ya kusafiri.

10. Sema yote unayomeza

Kisukari, shinikizo la damu, selimundu, pumu, mzio wa ganzi: yataje hata usipoulizwa. Utadungwa ganzi nyingi kichwani kwa muda wa saa sita hadi nane. Dawa za kuyeyusha damu, aspirini na ibuprofeni huongeza kutokwa damu, ila usiache uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo bila daktari aliyekuandikia kuridhia. Sigara acha mapema, maana hubana mishipa ileile inayotakiwa kulisha mashina mapya.

11. Siku kumi za mwanzo

Grafti bado hazijashika. Ukizikwaruza zinatoka, zikitoka zimekwenda.

Lala chali, mito miwili au mitatu, kichwa kikiwa juu. Siku ya tatu au ya nne paji linaweza kuvimba na uvimbe ukashuka hadi machoni. Unatisha, lakini hupita wenyewe ndani ya siku chache. Vaa mashati ya vifungo, si fulana za kuvutia kichwani. Uoshaji wa kwanza hufanywa na kliniki au kwa maelekezo yao, na kuanzia hapo ni maji ya uvuguvugu yanayomiminwa polepole kwa kikombe, povu likiguswa kwa ncha za vidole bila kusugua. Bomba la bafuni lenye nguvu liache. Magamba huanguka yenyewe kati ya siku ya saba na ya kumi na nne; yasibanduliwe kwa kucha.

Mafuta ya nazi, mafuta ya mnyonyo, maji ya kitunguu: hapana. Najua shangazi atayaleta kwa mapenzi yote. Mpokelee, uyaweke kabatini.

Kwa Waislamu, siku hizi zina jambo la kupanga. Kuinamisha kichwa hadi chini huongeza uvimbe na kunaweza kufanya matundu yavuje damu, na kupangusa kichwa wakati wa kutawadha kunagusa vidonda. Dini imempa mgonjwa nafasi: asiyeweza kusujudu huswali kwa kukaa na kuashiria, na jeraha lina hukumu zake katika udhu. Kaa na shehe wako kabla ya safari, umweleze upasuaji ulivyo, urudi ukiwa na utulivu wa moyo.

Mazoezi mazito na kubeba mizigo vingoje wiki mbili au kama ulivyoelekezwa. Bahari na bwawa vingoje mwezi. Jua letu la saa sita mchana ni kali kwa ngozi mpya. Kliniki ikiruhusu, vaa kofia pana isiyogusa sehemu iliyopandwa.

12. Zitadondoka. Usilie

Kati ya wiki ya pili na ya nane nywele ulizozilipia zitaanza kudondoka. Mtu anaamka, anaziona kwenye mto, anapiga simu kliniki kwa hasira. Tulia. Unywele umeanguka, shina limebaki chini na linapumzika. Hata nywele za jirani zilizokuwepo zamani zinaweza kutoka kwa muda.

Mwezi wa tatu au wa nne huanza kuchomoza, nyembamba na zisizolingana. Kwa kipilipili baadhi hujikunja chini ya ngozi kabla ya kutoka na kuleta vipele. Usivitumbue, mwonyeshe daktari. Mwezi wa sita unaona sura. Mwaka ukitimia ndipo utajua ulichopata, na utosini huweza kuchukua hadi miezi 18. Piga picha mara moja kwa mwezi, mahali pamoja, mwanga uleule. Kioo cha kila asubuhi hakikuambii kitu.

Kipindi hiki ndicho kigumu kuliko kisu. Umetumia akiba, watu wanauliza, na kichwa kinaonekana vibaya kuliko mwanzo. Mweleze mapema mwenzi wako au rafiki mmoja unayemwamini, ili usiubebe mzigo huo peke yako mwezi wa pili.

13. Haya hayangoji

Homa. Usaha. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Ngozi iliyopandwa ikigeuka ya kijivu au nyeusi tii na kuwa ngumu, maana hapo damu haifiki. Nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kliniki ya ng'ambo ijibu ujumbe wako.

14. Kurudi kwa kinyozi

Mkasi unaweza kupita baada ya mwezi mmoja hivi. Mashine, kwa sehemu iliyopandwa, ingoje miezi mitatu hadi sita, na wembe ungoje zaidi, kwa ruhusa ya daktari. Nenda saa ambayo hakuna foleni, umweleze kinyozi ulichofanyiwa na umwonyeshe mpaka wa sehemu mpya. Nunua mashine yako mwenyewe uwe unakwenda nayo. Kisogoni asinyoe karibu mno na ngozi. Abakishe nywele kidogo, zifunike vidoti na kuzuia vile vipele vigumu visianze. Na akikupendekezea spiriti kali ya kumalizia, mwambie leo maji yanatosha.